Hukumu ya Mahakama, Sheria ya Nchi na Haki ya Mtu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo watu wa Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa huuliza wanapofika na karatasi za mahakama mkononi, au wanaposikia redioni kwamba "mahakama imefuta sheria" na kutaka kujua jambo hilo linawahusu vipi. Majibu yanahusu zaidi Tanzania Bara. Namba za vifungu ni zile zilizokuwa zikitumika wakati hukumu husika zinatolewa, kwa kuwa sheria zetu hufanyiwa urekebu na namba huhama.

Je, si Bunge pekee linalotunga sheria? Mahakama inaingiaje?

Kutunga sheria ni kazi ya Bunge, na Ibara ya 64 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema hivyo waziwazi. Lakini sheria huandikwa kwa maneno ya jumla, na maneno ya jumla hayajitafsiri yenyewe. Katiba inaposema mtu asinyang'anywe mali yake bila fidia inayostahili, haielezi kama shamba la kimila lisilo na hati ni "mali", wala haisemi fidia hiyo ihesabu mazao peke yake au na jasho la miaka thelathini ya kung'oa visiki. Siku watu wawili wanapogombana juu ya neno hilo, ni lazima mtu mmoja aseme maana yake, na Ibara ya 107A inasema kuwa mamlaka yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki ni Mahakama. Maana ikishatamkwa na mahakama ya juu, inakuwa sehemu ya sheria yenyewe, na atakayekuja kesho na mgogoro wa aina hiyo ataikuta ikimsubiri.

Zaidi ya hapo, kuna maeneo ambayo hukumu ndizo zilizojenga sheria tangu mwanzo. Sura ya 358 ya sheria zetu inazielekeza mahakama kutumia pia kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza na kanuni za usawa kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pale zinapofaa kwa mazingira yetu na pale ambapo hakuna sheria iliyoandikwa. Kanuni hizo zilizaliwa na majaji, kesi baada ya kesi, na majaji wetu wanaendelea kuzipunguza na kuzirefusha.

Hukumu ya mahakama ipi inaifunga mahakama ipi?

Ngazi zinaanzia Mahakama ya Mwanzo, kisha Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi, halafu Mahakama Kuu, na juu kabisa Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani unazifunga mahakama zote zilizo chini yake. Mwaka 1988 mahakama hiyo ilieleza msimamo wake bila kuficha: yenyewe kwa kawaida itafuata maamuzi yake ya nyuma, ingawa inaweza kuyaacha ikiona ni haki kufanya hivyo, lakini mahakama za chini hazina ruhusa ya kuyaacha hata zikiamini yamekosewa. Hakimu anayeona uamuzi wa juu una kasoro anaweza kusema hivyo kwa adabu, kisha akaufuata.

Majaji wa Mahakama Kuu hawafungani wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana unaweza kukuta jaji wa Dodoma amesema hivi na wa Mwanza amesema vile juu ya kifungu kilekile, na mawakili wakabaki na kazi ya kubishana hadi Mahakama ya Rufani imalize. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya inawafunga waliokuwa katika shauri hilo tu.

Kila neno lililo katika hukumu lina nguvu ya sheria?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hupotelea.

Mzee mmoja kutoka upande wa Bahi aliwahi kuja na bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye mikunjo. Ndani yake kulikuwa na nakala ya hukumu, na mistari kadhaa ya ukurasa wa nne ilikuwa imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. "Mwanangu," alisema, "jaji mwenyewe ameandika kwamba nimekaa pale kwa amani tangu enzi za Mwalimu. Sasa kwa nini wananitoa?" Mistari ile ilikuwapo kweli, na jaji aliiandika kwa huruma iliyoonekana. Lakini ukurasa wa mwisho, ambao haukuwa na wino mwekundu hata kidogo, ulisema kuwa rufaa ililetwa nje ya muda na kwa hiyo inatupwa. Ilibidi nimwambie, "Baba, maneno haya jaji ameyasema akiwa njiani. Alichoamua kiko huku nyuma."

Hukumu ina sehemu kubwa tatu: maelezo ya kilichotokea, sababu za uamuzi, na amri. Amri huwafunga waliokuwa mahakamani. Sababu ya uamuzi, yaani ile hoja ambayo bila yake shauri lisingeishia pale lilipoishia, ndiyo inayokwenda mbali na kuwafunga wengine. Maneno mengine yote ambayo jaji ameyasema pembeni yanaweza kuheshimiwa, lakini hayamfungi mtu. Anayesoma hukumu aanzie mwisho, aone amri, ndipo arudi nyuma kutafuta sababu iliyozaa amri hiyo.

Tangu lini mahakama inaweza kusema sheria ya Bunge ni batili?

Katiba ya mwaka 1977 haikuwa na orodha ya haki za binadamu inayoweza kudaiwa mahakamani ilipoanza. Haki hizo, zilizo sasa katika Ibara ya 12 hadi ya 29, ziliingizwa na mabadiliko ya tano ya mwaka 1984, na Serikali ikapewa miaka mitatu ya kuzisafisha sheria zake kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kuishitaki kwa msingi wa haki hizo. Mlango ulifunguliwa mwezi Machi 1988. Ibara ya 64(5) inasema sheria yoyote inayokinzana na Katiba ni batili kwa kiasi cha mkinzano huo, na Ibara ya 30(3) inampa mtu anayedai kuwa haki yake imevunjwa, inavunjwa au inaelekea kuvunjwa, nafasi ya kufungua shauri Mahakama Kuu.

Miaka michache iliyofuata ilikuwa na joto lake. Mashauri makubwa mawili ya wakati huo yalisikilizwa hapahapa Dodoma.

Ni mashauri gani hayo ya Dodoma?

La kwanza lilitolewa hukumu mwezi Juni 1994. Watu wawili walikuwa wamepatikana na hatia ya mauaji, kosa ambalo adhabu yake katika sheria yetu ni moja tu, kunyongwa. Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu ya Dodoma, alikataa kutoa adhabu hiyo. Alisema ni ya kikatili, inamdhalilisha mtu na inakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ililitazama suala hilo mwaka 1995, na jibu lake linastahili kusomwa polepole: ilikubaliana na Jaji Mwalusanya kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inatweza utu, kisha ikasema kuwa hata hivyo inaokolewa na Ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kubana haki za mtu kwa manufaa ya umma. Adhabu ya kifo ikarudi. Mwanafunzi wa sheria anayetaka kuelewa kwa nini kuthibitisha kwamba haki imeguswa hakutoshi kushinda kesi, asome hukumu hizo mbili kwa kufuatana.

La pili ni la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Shauri la Madai Namba 5 la mwaka 1993, lililoamuliwa na Jaji Lugakingira tarehe 24 Oktoba 1994. Mtikila alileta malalamiko mengi, lakini mawili ndiyo yaliyobaki midomoni mwa watu. Alisema raia asilazimishwe kujiunga na chama cha siasa ili agombee uongozi, na alisema mkutano wa hadhara usitegemee kibali cha mkubwa fulani. Jaji alikubaliana naye katika yote mawili. Alisema pia jambo lililosaidia wengi waliokuja baadaye: kwamba Ibara ya 26(2), inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba, inamruhusu mtu kufika mahakamani kwa niaba ya umma hata kama yeye binafsi hajaumia zaidi ya jirani yake.

Kuhusu mikutano, hukumu iliacha alama. Sheria ya Jeshi la Polisi iliachana na ombi la kibali na kuweka taarifa ya maandishi ya saa 48, ingawa polisi walibaki na uwezo wa kuzuia mkutano kwa sababu zilizotajwa. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeomba na mtu anayetaarifu, na tofauti hiyo ililetwa na hukumu. Kuhusu mgombea binafsi, mambo yalikwenda njia nyingine kabisa.

Bunge linaweza kufuta kile ambacho mahakama imeamua?

Linaweza kubadilisha sheria ambayo uamuzi ulisimama juu yake, hata Katiba yenyewe. Kwa Ibara ya 98, mabadiliko mengi ya Katiba yanahitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo machache yaliyoorodheshwa yanahitaji theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Lisichoweza kufanya Bunge ni kuketi kama mahakama ya rufaa na kusema aliyeshinda jana ameshindwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni huohuo wa Mtikila. Muswada wa kuzuia mgombea binafsi ulikuwa umeshawasilishwa siku chache kabla ya hukumu kusomwa. Ukapitishwa mwezi Desemba 1994 na kuwa Sheria Namba 34 ya mwaka huo, iliyoandika ndani ya Katiba kwamba mgombea lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mahakama ilikuwa imesoma Katiba kwa namna moja. Bunge likaandika Katiba kwa namna nyingine.

Mtikila hakukata tamaa. Alifungua shauri jipya mwaka 2005, na tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi kwa mara ya pili, wakisema kuwa hata mabadiliko yenyewe ya Katiba hayakuheshimu haki za msingi. Serikali ilikata rufaa. Mahakama ya Rufani iliketi na majaji saba badala ya watatu wa kawaida, na tarehe 17 Juni 2010 ikaamua kwamba mahakama haina mamlaka ya kubatilisha ibara ya Katiba, na kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa na limalizwe na Bunge. Mimi ninaona kuwa hoja ya mamlaka ina uzito, kwa sababu jaji anayeweza kufuta sehemu ya Katiba anakuwa juu ya Katiba. Lakini haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi imo katika Ibara ya 21, na ni vigumu kumweleza mwananchi kwamba haki iliyoandikwa na Katiba ikigongana na sharti lililoandikwa na Katiba, sharti ndilo lishinde bila kupimwa.

Shauri liliendelea hadi Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, kama inavyoelezwa mbele.

Kifungu kikitamkwa kuwa batili, kinakufa siku hiyohiyo?

Si lazima. Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama, badala ya kukifuta kifungu papo hapo, kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Muda huo ukiendelea, kifungu kinahesabiwa kuwa halali.

Kwa mfano, Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alifungua shauri kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, huku mvulana akisubiri hadi 18. Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo ni vya kibaguzi, ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Hata hivyo miaka iliendelea kuhesabika baada ya hapo bila Bunge kupitisha marekebisho. Mahakama haina kalamu ya kuandika kifungu kipya wala haina askari wa kumsukuma anayechelewa. Kinachobaki ni kwamba mtu anayesimama leo mbele ya hakimu akitegemea vifungu vile anakutana na uamuzi wa mahakama ya juu kabisa ya nchi unaosema vinakiuka Katiba.

Shamba langu ni la kimila na sina hati. Mahakama imewahi kusema lolote?

Imesema, na kama ningepewa nafasi ya kubandika hukumu moja kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kijiji mkoani Dodoma, ningebandika hii.

Baba na mwanawe, wakulima wa upande wa Karatu, walipoteza ardhi yao ya kimila wakati wa Operesheni Vijiji, mpango wa Serikali wa kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, miaka ya 1970. Baadaye walikwenda mahakamani wakaidai na wakashinda. Kabla vumbi halijatulia, Bunge lilitunga sheria mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa kwa operesheni hiyo, ikazuia fidia, ikafunga mashauri yaliyokuwa mahakamani na kukataza hukumu zilizokwishatolewa zisikazwe, yaani zisitekelezwe. Wakaenda Mahakama Kuu Arusha kuipinga sheria hiyo, na suala likafika Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali. Mwezi Desemba 1994 mahakama ikasema kuwa haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24, na kwamba kumwondoa mtu bila fidia inayostahili ni kinyume cha Katiba. Ikasema zaidi: hata kama juu ya ardhi hapajajengwa kitu cha kudumu, maadamu mtu ameweka nguvu yake pale, nguvu hiyo inastahili fidia. Na ikakataa sehemu za sheria zilizowafungia watu mlango wa mahakama.

Miaka mitano baadaye, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliandika katika kifungu cha 18 kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa kwa kila namna na hakimiliki ya kupewa, yaani ile inayotolewa na Serikali kwa hati. Siwezi kusema kwamba kifungu hicho ni mtoto wa hukumu ile peke yake, kwa maana kulikuwa pia na sera ya ardhi ya mwaka 1995, lakini wanafanana sura.

Kwa mkazi wa Dodoma, ambako mji umetanuka kuelekea Msalato, Ihumwa na Mtumba na mashamba ya mtama yakageuka viwanja, maana yake ni kwamba neno "huna hati" halimalizi mazungumzo. Anayetathmini fidia bado anapaswa kuuliza nani alikuwa analitumia eneo hilo, tangu lini, na amefanya nini juu yake. Andaa majina ya majirani wa mipaka, muhtasari wa kikao cha kijiji kilichokugawia kama upo, na picha za miti uliyoipanda. Muembe wa miaka ishirini ni shahidi mzuri kuliko mashahidi wengi niliowahi kuwaona kizimbani.

Mila zetu zikigongana na Katiba, nani anashinda?

Katiba. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza iliamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, akazeeka bila mtu wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alikimbilia Mahakama ya Mwanzo akidai kuwa kwa mila mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo, na huko akashinda. Mahakama ya Wilaya ilimgeuzia matokeo, na Jaji Mwalusanya, yuleyule wa Dodoma, akakubaliana nayo: Katiba inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, kwa hiyo mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Mila yenyewe haikufutwa; kilichoondolewa ni upendeleo uliokuwa ndani yake.

Katika mabaraza ya ukoo bado utasikia hoja ya mpwa yule ikirudiwa neno kwa neno. Anayeambiwa hivyo asiondoke akiamini kuwa ndiyo sheria.

Ninaweza kuishitaki Serikali?

Unaweza, na kwa sehemu unaweza kwa sababu ya hukumu. Zamani sheria ilimtaka mtu apate kwanza ridhaa ya Serikali ndipo aishitaki Serikali, jambo linalofanana na kumwomba mdeni wako ruhusa ya kumdai. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilisema sharti hilo linakiuka Katiba. Sheria ikarekebishwa mwaka 1994, na ridhaa ikaondoka. Mahali pake pakawekwa taarifa ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Usiidharau taarifa hiyo. Mashauri mengi yenye madai mazuri hufia hapo, kwa pingamizi la awali, kabla shahidi wa kwanza hajaitwa.

Ukuta wa namna hiyohiyo ulibomolewa katika shauri la Julius Ndyanabo. Sheria ya Uchaguzi ilimtaka anayepinga matokeo ya ubunge aweke dhamana ya shilingi milioni 5 ndipo asikilizwe. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Samatta, ilisema kiwango hicho kinawafungia wasio na uwezo mlango wa haki, ikakifuta kifungu.

Na dhamana ya mshitakiwa, je?

Hapa mahakama imefungua kidogo na kufunga kidogo. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilibatilisha aya moja ya kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai iliyonyima dhamana, kwa kuwa ilikuwa pana mno na haikuweka utaratibu wa kumkinga asiye na hatia. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilikwenda mbali zaidi na kukibatilisha kifungu hicho chote. Mwezi Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Aliyesoma habari ya Mei na kukosa ya Agosti atakuwa anawapotosha wenzake hadi leo.

Mtu yeyote anaweza kufungua shauri la kikatiba?

Mlango aliouacha wazi Jaji Lugakingira ulipunguzwa mwaka 2020. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, ndiyo inayotoa utaratibu, na inataka shauri la namna hii lisikilizwe na majaji watatu wa Mahakama Kuu. Marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka mleta maombi aambatishe hati ya kiapo inayoeleza jinsi sheria au kitendo anachokilalamikia kilivyomgusa yeye mwenyewe, na awe amekwisha kutumia njia nyingine za kisheria zilizopo. Wanaounga mkono wanasema mahakama ilikuwa inajazwa mashauri ya watu wanaotafuta majina. Yawezekana. Lakini msichana wa miaka 15 anayeozeshwa kijijini hana nauli ya kufika Mahakama Kuu, na aliyemsemea alikuwa mtu mwingine.

Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha inaweza kubadilisha sheria yetu?

Haifuti sheria kwa kauli yake yenyewe. Inatamka kwamba nchi imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na inaiagiza irekebishe. Tarehe 14 Juni 2013 ilitamka hivyo katika suala la mgombea binafsi, na Mtikila, aliyefariki dunia mwezi Oktoba 2015, hakuona agizo hilo likitekelezwa. Tarehe 28 Novemba 2019 ilisema kuwa adhabu ya kifo inayomnyima jaji nafasi ya kuchagua adhabu nyingine inakiuka haki ya kuishi. Mwezi huohuo Tanzania ilikuwa imetoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri moja kwa moja, na uondoaji huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020.

Zanzibar nako ni hivihivi?

Zanzibar ina Katiba yake ya mwaka 1984 na Mahakama Kuu yake. Mahakama ya Rufani husikiliza rufaa kutoka pande zote mbili, isipokuwa mambo kama tafsiri ya Katiba ya Zanzibar, ambayo huishia hukohuko.

Hukumu nazipata wapi, na kwa lugha gani?

Maamuzi ya Mahakama Kuu na ya Rufani hupatikana bure kwenye mtandao wa TanzLII, ambako unaweza kutafuta kwa jina la shauri, mwaka au neno. Ukipata hukumu, kabla ya kuifurahia tafuta kama kuna ya baadaye iliyoitengua.

Kuhusu lugha, Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikiendesha mambo yake kwa Kiswahili miaka yote, wakati mahakama za juu ziliandika kwa Kiingereza. Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, huku ikiacha nafasi ya Kiingereza pale haki inapohitaji. Hukumu za Kiswahili za Mahakama Kuu sasa zipo, na baadhi zimeandikwa vizuri sana. Lakini karibu hukumu zote kubwa zilizotajwa hapa ziko katika lugha ambayo mtu aliyeamuliwa shamba lake hakuweza kuisoma, na hilo linaeleza kwa nini haki nyingi zilizopatikana mahakamani hazijafika vijijini. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanaweza kukueleza bila malipo kilichoandikwa.

Nimeshindwa, na ninaamini hakimu hakufuata hukumu ya juu. Nina muda gani?

Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30, na kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine. Kwenda Mahakama ya Rufani unatoa notisi ya rufaa ndani ya siku 30 tangu uamuzi unaoupinga, na kwa shauri la madai unawasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo linahitaji pia Mahakama Kuu ithibitishe kuwa lina hoja ya kisheria.

Siku hazisubiri nakala zichapwe, isipokuwa uwe umeziomba kwa utaratibu. Kwa rufaa ya madai ya Mahakama ya Rufani, andika barua kwa msajili kuomba nakala ya mwenendo, hukumu na amri ndani ya siku 30 tangu hukumu, mpelekee mjibu rufani nakala ya barua hiyo, na wewe ubaki na yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa masijala na kuandikwa tarehe. Ukifanya hivyo, muda uliotumika kuandaa nakala hautahesabiwa dhidi yako, na msajili atakupa cheti cha kuuthibitisha. Mzee wa Bahi alikuwa ameomba nakala zake kwa mdomo, dirishani, mara tatu.